Utafiti Si Koti Jeupe Tu

Haya rafiki, hebu fumba macho kidogo. Ukisikia neno "mtafiti", unamwona nani? Wengi wenu mtasema: mzee mwenye koti jeupe na miwani mizito, anachungulia hadubini tangu asubuhi mpaka jioni. Na wale wa mchepuo wa sanaa watamalizia, "Utafiti ni mambo ya watu wa sayansi bwana, sisi hayatuhusu."

Siyo kweli hata kidogo! Utafiti unamhusu mwanahistoria, mtu wa lugha, mtu wa kilimo, na pia unakuhusu wewe uliyekaa darasani. Ili tuone vizuri, tutembelee Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au "Mlimani" kama wengi wanavyokiita. Kilianza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Kikakua, kikazaa. Kitivo chake cha kilimo pale Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Wale wa tiba pale Muhimbili nao wakapata chuo kikuu chao mwaka 2007. Kwa hiyo leo tunamtembelea mama na watoto wake wawili.

UTAFITI NI NINI HASA?

Utafiti unaanza na swali ambalo jibu lake bado halijulikani. Kufungua kitabu ili ujue urefu wa Mlima Kilimanjaro siyo utafiti, maana wenzako walishapima zamani. Baada ya swali, inatafutwa njia ya kulijibu, njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata na kuikagua. Mwisho matokeo yanatolewa hadharani, hata kama hayampendezi aliyeuliza.

Swali, njia, na kusema ukweli. Ukishika hayo matatu, utaelewa kwa nini daktari na mwanahistoria wote wanaitwa watafiti.

DAFTARI, KALAMU NA WAZEE

Tuanze na historia. Umesoma habari za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Kwa miaka mingi habari hizo ziliandikwa zaidi na Wajerumani, yaani upande mmoja tu. Wazee waliopigana walikuwa nazo kichwani, lakini hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Mlimani iliwatuma wanafunzi wake kwenda kuwasikiliza wazee katika sehemu zilizopigana vita ile. Vifaa vyao vilikuwa masikio, daftari na kalamu. Mzee mmoja anaweza kusahau, na mwingine anaweza kujisifu. Ndiyo maana maneno ya mzee huyu yanalinganishwa na ya yule wa kijiji cha pili, halafu na nyaraka. Hiyo ndiyo "maabara" ya mwanahistoria.

Na usidhani historia haina uhusiano na afya. Katika vita ile njaa iliua watu wengi kuliko risasi, kwa sababu majeshi ya Wajerumani yalichoma vyakula na mashamba. Anayejua hivyo anaelewa kwa nini hata leo, vita vikizuka mahali, chakula na maji safi vinahitajika haraka sawasawa na bandeji.

UGONJWA NAO UNAHITAJI JINA

Sasa twende kwa watu wa lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Tangu mwaka 2009 taasisi hiyo imeunganishwa na Idara ya Kiswahili, sasa inaitwa TATAKI. Mwandishi wa kamusi haoti maneno kitandani. Anakusanya watu wanavyosema na wanavyoandika, analinganisha, ndipo anaandika maana.

Utasema, "Hilo nalo litamponya nani?" Subiri. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Siku zile watu waliuita ugonjwa ule "Juliana", jina la kitambaa kilichokuwa kinavuma. Jina kama hilo halikuelezi chochote. Lakini Upungufu wa Kinga Mwilini linakueleza kinachotokea: mwili umepungukiwa na askari wake. Mgonjwa asiyeelewa jina la ugonjwa wake atauliza vipi maswali kwa daktari? Ndiyo maana watu wa lugha wakatengeneza pia kamusi za biolojia, fizikia na kemia, na hata kamusi ya tiba.

SHAMBA NDANI YA BAHARI

Mlimani ina tawi lake Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1978. Lakini hata kabla ya hapo mtaalamu wa mimea wa Mlimani, Profesa Keto Mshigeni, alikuwa akiuliza swali ambalo wengine waliliona la ajabu: haya majani ya baharini yanayotupwa ufukweni yana faida gani?

Kumbe yana faida! Mwani una utomvu unaotumiwa viwandani kufanya vitu viwe vizito, kwa mfano dawa ya meno na aiskrimu. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, sehemu za Paje na Jambiani. Wakulima wengi ni wanawake. Mama akiwa na fedha yake mkononi, daftari la mtoto linanunuliwa na dawa pia.

Lakini swali moja huzaa jingine. Maji ya bahari yakawa ya moto zaidi, na mwani wa aina ya kotonii, ambao ndio wenye bei nzuri, ukaanza kufa kwenye maji mafupi. Watafiti wa taasisi hiyo, akiwemo Dk. Flower Msuya, wakarudi kazini pamoja na akina mama: je, tukiupanda kwenye maji marefu, ndani ya nyavu? Je, tukitengeneza sabuni wenyewe badala ya kuuza mwani mkavu tu? Hapo ndipo unapoona kuwa mkulima naye ana elimu yake, na mtafiti mwenye akili anamsikiliza.

PANYA WANAOKWENDA KAZINI

Usicheke. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kuna panya wanaofundishwa kazi. Ni panya buku, wale wakubwa. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye asili ya Ubelgiji, limekuwa likishirikiana na chuo hicho kuwafundisha kunusa. Panya akipatia, anapewa ndizi. Akikosea, hapati kitu. (Na wewe ungesoma namna hiyo, sijui kama ungechemsha mtihani!)

Kwanza walifundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya ni mwepesi, hawezi kulipua bomu kwa kulikanyaga. Wamefanya kazi hiyo Msumbiji, nchi iliyotangazwa kuwa huru na mabomu ya ardhini mwaka 2015. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu mwaka 2020.

Baadaye likaja swali la pili: pua inayonusa bomu, je, inaweza kunusa kifua kikuu? Makohozi ambayo kliniki imeshayapima yakaletwa kwa panya. Panya mmoja anapita sampuli 100 kwa muda wa dakika 20 hivi, na huwa anagundua wagonjwa ambao hadubini iliwakosa. Hata hivyo neno la panya siyo la mwisho. Sampuli aliyoitilia shaka inapimwa tena maabara kabla mtu hajaambiwa anaumwa.

VITAMINI ILIYOWASHANGAZA MADAKTARI

Sasa tufike Muhimbili, maana hapa kuna funzo kubwa. Mwaka 1995 ARV zilikuwa hazijaanza kutolewa bure nchini. Madaktari wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliuliza: je, vitamini zinaweza kumsaidia mama mjamzito mwenye VVU na mtoto wake? Akina mama 1,078 walikubali kushiriki. Waligawanywa kwa bahati nasibu, bila upendeleo: wengine wapate vitamini za aina nyingi, wengine vitamini A, wengine zote mbili, na wengine vidonge visivyo na vitamini hizo.

Kwa nini bahati nasibu? Kwa sababu daktari akichagua mwenyewe, anaweza bila kujua kuwapa dawa wale wenye nguvu zaidi. Wakipata nafuu, utajuaje kama ni dawa au ni nguvu zao?

Mwaka 1998 matokeo ya kwanza yakatoka. Waliopata vitamini za B, C na E walipoteza mimba wachache zaidi, na watoto wachache zaidi walizaliwa na uzito mdogo. Habari njema! Lakini vitamini A, ambayo wengi waliitegemea, haikuleta faida hiyo. Mwaka 2002 ikaonekana jambo zito zaidi: vidonge vya vitamini A kwa akina mama hao viliongeza hatari ya mtoto kuambukizwa VVU.

Hii haina maana kwamba karoti na maembe ni sumu! Kula tu. Lililoonekana linahusu vidonge, kwa akina mama wale. Siku hizi mama mjamzito mwenye VVU anaanzishiwa ARV mara moja, na hizo ndizo zinazomkinga mtoto. Lakini hebu fikiri: kama madaktari wangeishia kusema "vitamini haiwezi kudhuru", nani angejua?

JE, WAJUA?

Mwaka 2016 watafiti wa Mlimani na wenzao wa Italia walitangaza nyayo mpya zilizogunduliwa Laetoli, karibu na Ngorongoro. Ziliachwa kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita, na viumbe waliotembea kwa miguu miwili kama wewe. Zilipatikana wakati eneo likikaguliwa kabla ya kujengwa makumbusho. Wangejenga bila kukagua, zingekwenda na maji!

"NIMESIKIA" NA "TUMEPIMA"

Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua mtu aliyepona. Wapo walioacha ARV zao wakaishia kuzidiwa. Kasheshe!

Hatusemi mitishamba haifai. Muhimbili imekuwa na kitengo cha kuchunguza dawa za asili tangu mwaka 1974. Tofauti ni kwamba pale dawa inachunguzwa kwanza, sifa baadaye. Kwa hiyo mtu akikuletea habari mtaani, ati kitu fulani kinazuia mimba au kinaponya gonorea, muulize maswali haya:

• Nani amesema, na amejuaje?
• Walijaribiwa watu wangapi?
• Walilinganishwa na nani?
• Anayesema ndiye anayeuza?

MTAFITI AKIJA SHULENI KWENU

Siku moja utaletewa dodoso. Litauliza mambo ya pombe, bangi, marafiki, pengine na mapenzi. Zijue haki zako:

• Una haki ya kuelezwa utafiti ni wa nini, kwa lugha unayoielewa.
• Una haki ya kukataa, au kuacha katikati. Hakuna mwalimu anayeruhusiwa kukuadhibu kwa hilo.
• Kama hujafika miaka 18, kwa kawaida mzazi au mlezi anaombwa ruhusa kwanza, na wewe mwenyewe unaulizwa kama unakubali.
• Majibu yako ni siri. Uliza yatatunzwa wapi na nani atayaona.
• Utafiti wa afya unaohusu watu unapaswa kupitishwa na kamati ya maadili. Uliza kibali. Mtafiti wa kweli hatakasirika.

Lakini ukishakubali, sema kweli. Tuseme wavulana wa darasa lenu wamejisifu wana wapenzi watano watano, na wasichana wameficha kila kitu kwa aibu. Mtafiti ataandika kwamba wavulana wote wamo na wasichana hawana shida. Kisha msichana anayehitaji ushauri anakwenda kituo cha afya, anakuta hakuna huduma ya vijana, maana karatasi zilionyesha haihitajiki. Bora ukatae kujibu kuliko kudanganya.

ANZA NA SWALI LAKO

Huna haja ya kungoja ufike Mlimani. Wewe na wenzako wa klabu chagueni swali moja dogo. Kwa nini wanafunzi hawanawi mikono baada ya kutoka chooni? Wamesahau, au ndoo haina maji? Simameni kwa mbali wiki moja, saa zilezile kila siku, mhesabu bila kuandika jina la mtu. Wiki ya pili wekeni ndoo na sabuni, mhesabu tena. Halafu mpelekeeni mwalimu mkuu karatasi yenye namba, hata kama namba hizo hazikuwa mlizozitarajia. Akiona kwamba tatizo ni ndoo na siyo tabia, itakuwa vigumu kwake kusema hakuna fedha ya ndoo.