Faragha ya Barua-pepe: Ni Nani Ashikaye Ufunguo?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu, mtafiti au mwanafunzi awezavyo kuchagua huduma ya barua-pepe inayolinda siri za watu wake, pamoja na uwezekano wa kujiwekea seva yake mwenyewe. Jambo hili si la wahandisi peke yao. Mtafiti wa lugha anayerudi kutoka vijijini na masimulizi ya wachimba madini, ya wakimbizi wa vita au ya wanawake waliotendewa mabaya, huyapeleka maandishi hayo kwa msimamizi wake kwa barua-pepe, na mara nyingi huambatanisha orodha ya majina na vijiji vya wasimulizi. Watu hao walikubali kusema kwa sababu waliahidiwa kwamba majina yao hayatatoka. Aliyetoa ahadi ni mtafiti. Lakini tangu barua ilipoondoka, utimizaji wake u mikononi mwa watu asiowajua.

1. Usalama, siri na faragha

Kiswahili kina maneno matatu ambayo matangazo ya makampuni huyachanganya kwa urahisi. Usalama ni hali ya kutodhurika: mlango ni imara, mwizi haingii. Siri ni jambo lenyewe lililofichwa. Faragha, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo asili yake inagusa maana ya utupu na nafasi, ni mahali pa kukaa pembeni, mbali na macho ya watu. Mtu aweza kuwa na usalama bila faragha. Mgeni aliyelala katika nyumba yenye askari mlangoni yu salama, ila mwenye nyumba anao ufunguo wa chumba chake.

Ndivyo zilivyo huduma kubwa za bure. Gmail, iliyoanzishwa na kampuni ya Google tarehe 1 Aprili 2004, ina walinzi hodari kupita wale wa vyuo vikuu vingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mashine za kampuni hiyo zilikuwa zikipitia maneno ya barua ili kuchagua matangazo ya biashara ya kumwonyesha msomaji, hadi kampuni ilipotangaza mwaka 2017 kwamba itaacha desturi hiyo. Kuacha huko hakukubadili jambo la msingi: ufunguo umebaki kwa mwenye nyumba. Wala ukubwa peke yake si usalama. Mwaka huohuo wa 2017 ilijulikana kwamba wizi uliotokea mwaka 2013 katika kampuni ya Yahoo uligusa akaunti zake zote, yaani bilioni 3.

Sababu ya hali hiyo ni ya kihistoria. Ray Tomlinson alipotuma barua ya kwanza kati ya kompyuta mbili za mtandao wa ARPANET mwaka 1971, na Jonathan Postel alipoandika mwaka 1982 kanuni za kupelekeana barua ambazo msingi wake unatumika hadi leo, watumiaji walikuwa wachache na hapakuwa na haja ya kufichana. Barua ilisafiri wazi. Siku hizi seva nyingi hufunika njia yenyewe kwa usimbaji, hata anayenasa waya katikati ya safari asiambulie kitu. Lakini kufunika njia si kufunika barua. Ni sawa na barua isiyo na bahasha iliyotiwa ndani ya mfuko wa posta wenye lakiri: barabarani haisomeki, ila katika kila ofisi mfuko hufunguliwa, na karani aweza kusoma akitaka, au akiamriwa.

2. Kisa cha Lavabit

Neno hili «akiamriwa» ndilo lenye uzito, na kisa cha Lavabit kinalieleza kuliko nadharia yoyote. Lavabit ilikuwa huduma ndogo ya barua-pepe huko Texas, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Ladar Levison, na ambayo mwaka 2013 ilikuwa na wateja wapatao 400 000. Mmoja wao alikuwa Edward Snowden. Alipotoa hadharani nyaraka za idara ya ujasusi ya nchi yake, wapelelezi wa FBI hawakuridhika na barua za mteja mmoja. Walidai funguo za seva nzima, zenye kufungua mawasiliano ya wateja wote. Levison alizitoa kwanza zikiwa zimechapwa kwenye kurasa 11 za karatasi, kwa herufi ndogo mno zisizosomeka kwa urahisi. Hakimu hakupendezwa na ujanja huo, akamtoza dola 5 000 kwa kila siku ya kuchelewa. Mwishowe Levison alizitoa, na tarehe 8 Agosti 2013 akaifunga huduma yake kuliko kuiendesha katika hali ile. Alikatazwa hata kuwaeleza wateja sababu.

Levison hakuwa mtu wa hila, wala hakukosa ujasiri. Kosa lilikuwa katika ujenzi wa nyumba: ufunguo mkuu ulikuwapo, na kilichopo chaweza kudaiwa.

Basi dawa ni kuijenga nyumba ambayo mwenyewe hana ufunguo wa vyumba. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kuonyeshwa tangu mwaka 1991, Phil Zimmermann alipotoa programu ya PGP. Kila mtu huwa na funguo mbili: mmoja wa hadharani, anaompa yeyote, na mwingine wa siri, asioutoa kamwe. Barua iliyofungwa kwa ufunguo wa hadharani wa mpokeaji hufunguliwa kwa ufunguo wake wa siri peke yake. Hata aliyeifunga hawezi kuifungua tena. Serikali ya Marekani ilimchunguza Zimmermann kwa miaka mitatu, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilihesabu programu za namna hiyo pamoja na silaha zisizoruhusiwa kupelekwa nje bila kibali. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila mashtaka.

PGP ilikuwa ngumu kwa watu wa kawaida, na hapo ndipo huduma mpya zilipopata nafasi. Proton, iliyoanzishwa huko Geneva mwaka 2014 na wanasayansi waliokutana katika maabara ya CERN, na Tuta ya Hannover, Ujerumani, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Tutanota, hufanya kazi ya kufunga na kufungua ndani ya kompyuta au simu ya mteja mwenyewe. Kampuni huhifadhi fumbo tu. Yapo mapungufu ambayo mteja hana budi kuyajua kabla ya kuchagua. Kufungwa huko toka mwanzo hadi mwisho hutokea pale wote wawili wanapotumia huduma moja, au njia inayolingana. Barua iendayo Gmail hufika Gmail ikiwa wazi, isipokuwa mtumaji ameifunga kwa neno la siri ambalo mpokeaji amelipata kwa njia nyingine. Tuta hufunga na kichwa cha barua. Proton haikifungi kwa namna hiyo. Tena majina ya mtumaji na mpokeaji, pamoja na saa, hubaki yakionekana kwa anayeendesha huduma, maana bila hayo barua isingejua iende wapi. Na mteja akipoteza neno lake la siri bila kuandaa njia ya kulirejesha, barua zake za zamani zimekwenda. Hakuna karani wa kumwonea huruma.

Ifahamike pia kwamba huduma hizi hazikai nje ya sheria. Mwaka 2021 Proton ililazimishwa na mamlaka za Uswisi, kwa ombi lililotoka Ufaransa, kuandika anwani ya intaneti ya mteja mmoja, mwanaharakati wa mazingira mjini Paris. Yaliyomo katika barua zake hayakusomwa, kwa kuwa hayakuweza kusomwa. Lakini mahali alipounganishia mtandao palijulikana. Kampuni ilibadili maneno ya tangazo lake baada ya hapo.

3. Kujiwekea seva

Kwa kuwa kila mwenye nyumba aweza kuamriwa, wengine huona afadhali kujenga yao. Programu zenyewe ni bure na ni za kuaminika: Postfix, iliyotolewa na Wietse Venema mwaka 1998, hupokea na kupeleka barua, Dovecot, ya mwaka 2002, humpa mwenyewe barua zake. Hati ya kusimba njia hupatikana bila malipo kutoka Let's Encrypt. Panahitajika jina la domeni, kwa mfano lenye kuishia na .cd, anwani ya intaneti isiyobadilikabadilika, na mashine isiyozimwa.

Kupokea ni rahisi. Ugumu uko katika kupeleka. Makampuni mengi ya mtandao hufunga mlango wa 25 ambao seva hupelekeana barua kupitia kwake, wakihofia barua taka. Anwani ya mashine sharti itambulike kinyumenyume, yaani namba irudishe jina. Kisha hufuata hati tatu zinazowekwa katika kumbukumbu za domeni: SPF hutaja mashine zenye ruhusa ya kutuma, DKIM hutoa ufunguo wa kuhakiki sahihi ya barua, na DMARC humweleza mpokeaji afanye nini sahihi isipolingana. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti haya, na seva isiyoyatimiza huona barua zake zikikataliwa au zikitupwa katika kapu la taka bila taarifa. Kwa mtu anayeomba nafasi ya masomo, barua iliyopotea kimya ni hasara kubwa kuliko barua iliyosomwa na mashine ya matangazo.

Umeme ni swali la kwanza ambalo Mkongo huuliza, ingawa si zito kama linavyodhaniwa. Seva inayotuma, ikikuta mwenzake amelala, hujaribu tena na tena kwa siku nne au tano kabla ya kuirudisha barua. Usiku mmoja wa giza, hata siku mbili, haupotezi kitu. Kufungwa kwa mtandao ni jambo jingine. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo tangu siku iliyofuata, kwa muda wa siku 20 hivi. Seva iliyokaa chumbani Lubumbashi au Bukavu, ikitegemea waya uliokatwa, ingekosa barua nyingi za siku zile, na waandikaji wangerudishiwa. Seva iliyokodiwa ng'ambo ingezipokea. Ila mwenye kukodisha mashine aweza kuifikia diski yake, na hivyo ufunguo umerudi kwa mwenye nyumba mwingine.

Kuna na kizuizi kisichohusu mashine. Mtafiti wa Marekani Benjamin Mako Hill, aliyejiendeshea seva yake kwa miaka mingi, alihesabu barua zake mwaka 2014 akakuta kwamba karibu nusu ya zile za binafsi zilikuwa kwa Google hata hivyo, kwa sababu alioandikiana nao walikuwa huko. Barua ni ya watu wawili.

Kwa mazingira ya vyuo vya Kongo, chaguo linalofaa wengi liko katikati: kununua domeni yako, na kuipangisha kwa kampuni inayosimba, kama hizo zilizotajwa, zinazokubali domeni ya mteja kwa malipo. Anwani inabaki mali ya mwenyewe. Kampuni ikifungwa ghafla kama Lavabit, huhamia kwingine bila kubadili anwani, mradi ameweka nakala za barua zake. Seva ya binafsi na iachiwe idara yenye fundi wa kudumu, si mwanafunzi atakayehitimu mwaka ujao. Na chaguo lolote halimfai kitu anayetoa neno lake la siri: barua za John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya urais ya Hillary Clinton, ziliibwa Machi 2016 kwa onyo la uongo lililoigiza lile la Google. Uthibitisho wa hatua mbili, kwa programu ya simu au kifaa kidogo cha ufunguo, huzuia wizi mwingi wa namna hiyo.

Ama orodha ya majina ya wasimulizi, hiyo haina haja ya kusafiri. Katika maandishi yanayotumwa, kila msimulizi aitwe kwa namba. Karatasi yenye namba na majina ibaki mahali pamoja, imefungwa, na msimamizi akitaka kuiona, aje aione hapo.