Mwezi wa kutemwa: kabla kijana hajatia saini

Juni ikifika, Songea huwa na shughuli mbili kwa wakati mmoja: mahindi yanavunwa na timu zinavunjwa. Baridi ya Matogoro imeshuka mpaka Lizaboni na Bombambili. Baba anahesabu magunia, mama anahesabu ada ya muhula unaoanza Julai, na kijana wa nyumba hiyo, yule mcheza mpira, anashika simu kutwa nzima akisubiri kupigiwa na katibu wa klabu. Akipigiwa, huenda ni heri. Wiki tatu zikipita kimya, ameshajibiwa.

Magazeti ya michezo huzipamba siku hizi kwa maneno matamu. Kifaa kipya kimetua. Dau limepanda. Panga limepita, kumi watemwa. Kwa shabiki hizo ni habari za kijiweni. Lakini huu ni ukurasa wa familia, na kila jina lililopitiwa na panga lina nyumba nyuma yake: mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita, mke mwenye mtoto mchanga, mzazi aliyezoea kutumiwa elfu thelathini kila mwisho wa mwezi.

Mfano wa karibu ni wa nyumbani kabisa. Majimaji, Wanalizombe wetu, timu iliyotamba nchi nzima miaka ya themanini, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2015. Ikakaa misimu mitatu. Mwisho wa msimu wa 2017/18 ikateremka pamoja na majirani zetu wa Njombe Mji, na tangu hapo mji umekuwa ukiisubiri irudi. Mashabiki walilia siku moja au mbili, wakaenda shambani. Wachezaji ndio waliobaki na hesabu mkononi.

Katika kikosi hicho alikuwamo mshambuliaji Marcel Kaheza, mmoja wa wafungaji wazuri wa ligi nzima msimu ule, akiichezea timu iliyokuwa inazama. Simba wakamchukua dirisha lile lile la katikati ya 2018. Songea ilijivuna, na ilikuwa na haki ya kujivuna. Ila angalia kilichofuata. Simba ilikuwa imejaa washambuliaji, na mwanzoni mwa 2019 Kaheza akapelekwa kwa mkopo AFC Leopards ya Kenya, kisha akaonekana Polisi Tanzania. Hapo hakuna aibu yoyote, ndiyo kazi yenyewe. Lakini kwa mchezaji yeyote mwenye mke na watoto, njia ya namna hiyo ni kuhama mara tatu ndani ya mwaka mmoja na nusu, na ni lazima karatasi iseme nani analipa kodi ya chumba kila anapopelekwa.

Huyo ndiye aliyepanda. Wenzake wengi wa timu zinazoteremka hushuka nazo. Fedha za mpira wa Tanzania zimekaa juu. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo wa miaka kumi wenye thamani ya Shilingi bilioni 225.6, na mwaka huo huo benki ya NBC ikawa mdhamini wa Ligi Kuu. Anayecheza madaraja ya chini, fedha hizo kwa sehemu kubwa huziona kwenye televisheni. Ndiyo maana katika ligi za huko chini kijana anaweza kucheza msimu mzima kwa posho, nauli na ahadi, na Juni ikifika anagundua kwamba hakuwahi kuwa na mkataba. Alikuwa na leseni tu.

Tuanzie hapo basi, kwa sababu wazazi wengi huchanganya vitu hivi viwili. Leseni ni kibali cha kucheza mashindano, na klabu ndiyo inayoiombea. Mkataba ni makubaliano ya kazi: unaanza lini, unaisha lini, mshahara kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi. Kijana akija nyumbani na picha ameshika jezi pamoja na mwenyekiti, muulize nakala ya mkataba iko wapi. Jibu likiwa "wamesema watanipa", bado hajasajiliwa kwa namna itakayomsaidia Juni.

Katika kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji, mkataba wa mchezaji wa kulipwa haupungui muda wa mpaka mwisho wa msimu na hauzidi miaka mitano. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa zaidi ya miaka mitatu. Hili la mwisho wazazi walishike sana. Kijana wa miaka 16 anayesainishwa miaka mitano kwa sababu "tunamwandaa" anasainishwa kitu ambacho kanuni haikitambui. Na kwa umri huo asiende peke yake ofisini. Aende na baba, mama, mjomba, yeyote mwenye haki ya kumsemea, na huyo naye aweke saini.

Halafu ipo fedha ya usajili. Hapa ndipo nyumba nyingi hupotea njia. Klabu ikisema itatoa milioni tano za usajili, ukoo mzima husikia milioni tano. Kinachofika mkononi huwa milioni moja na nusu, "nyingine baada ya mechi za mwanzo". Milioni moja na nusu ikishatua, inagawanywa kwa hesabu ya milioni tano: bati za nyumba ya bibi, harusi ya dada, deni la pembejeo. Ikifika Oktoba kijana anacheza huku akidaiwa na ndugu zake mwenyewe. Fedha isiyoandikwa tarehe ya kulipwa usiihesabu, na usiwatangazie shangazi.

Mshahara nao una kanuni yake. Klabu ikikaa bila kumlipa mchezaji angalau mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia kuidai na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita bila malipo, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba. Neno la kuangalia hapo ni kuiandikia. Malalamiko ya mdomo kwa kocha, hata yakirudiwa mara ishirini, hayahesabiki. Barua yenye tarehe, iliyopokelewa na kugongwa muhuri, inahesabika. Kwa upande wa pili, klabu haiwezi kumvunjia mchezaji mkataba katikati ya msimu kwa uamuzi wake peke yake. Na haiwezi kumsainisha leo ikasema mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo vya afya kesho. Vipimo vinakuja kabla ya saini.

Miezi sita ya mwisho ya mkataba, mchezaji yuko huru kuzungumza na klabu nyingine. Mashabiki huita usaliti. Kanuni inaita kutafuta kazi. Kijana ambaye mkataba wake unaisha Juni anapaswa kujua tangu Januari kama anabaki au anaondoka, na mzazi au mke anayo haki ya kumuuliza swali hilo mezani, kwa upole, kabla kodi haijalipwa tena.

Mnaokumbuka sakata la Bernard Morrison mtaelewa tunachosema kuhusu karatasi. Mwaka 2020 Yanga walisema winga huyo Mghana ameongeza miaka miwili, yeye akasema hapana. Kamati ya TFF ikaupitia mkataba huo, ikaona una mapungufu, akawa huru, akavuka barabara kwenda Simba. Yanga wakalipeleka shauri kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Novemba 2021 mahakama hiyo nayo ikawa upande wa mchezaji. Klabu kubwa, yenye wanasheria na ofisi mjini, iliangushwa na karatasi. Sembuse kijana wa Mfaranyaki aliyesaini juu ya boneti ya gari.

Na la Feisal Salum lilikuwa la kifamilia zaidi. Desemba 2022 Fei Toto aliamua kuondoka Yanga, akaweka Shilingi milioni 112 akiamini ndiyo bei ya kuvunja mkataba. Januari 2023 kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Mama yake mzazi akatoka hadharani kumtetea, na kauli ya ugali na sukari ikageuzwa mzaha nchi nzima. Kijana alikaa nje karibu nusu mwaka, mpaka Rais Samia Suluhu Hassan alipowaomba Yanga walimalize, na Juni 2023 akaenda Azam. Watu walimcheka mama yule. Mimi sikucheka. Alifanya kile ambacho mama yeyote angefanya, ila alikifanya mwishoni, wakati karatasi ilikuwa imeshasainiwa zamani. Mahali pa mama ni mwanzoni, kalamu ikiwa bado mezani: kipengele cha kuvunja mkataba kinasema nini, kwa fedha ngapi, kwa taarifa ya siku ngapi, na kwa ridhaa ya nani.

Linalofuata ni la goti. Mchezaji akiumia Februari, Juni huwa wa kwanza kwenye orodha ya kuachwa, na jamii husema "mpira umemkataa". Lakini kama ana mkataba wa ajira, yeye ni mfanyakazi, na klabu yake ni mwajiri kama mwajiri mwingine. Sheria ya fidia kwa wafanyakazi imeanzisha mfuko, WCF, ambao waajiri wa sekta binafsi na za umma wanapaswa kuuchangia, nao hulipia matibabu na ulemavu unaotokana na kazi. Pamoja na huo ipo michango ya NSSF, asilimia 20 ya mshahara kwa jumla. Muulize kijana namba yake ya uanachama. Akijibu kwamba hayo ni mambo ya walimu na manesi, basi mweleze kwamba mwalimu akistaafu ana miaka 60, yeye atastaafu akiwa na 33.

Sasa tuseme na wale wanaolea vipaji kabla klabu hazijawaona: shule, timu za mitaa, walimu wa mchangani wanaonunua mpira kwa fedha za mfukoni. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15 kila mmoja hubeba asilimia 5 ya fungu hilo, misimu ya 16 hadi 23 kila mmoja asilimia 10. Fanya hesabu. Kijana akiuzwa nje kwa Shilingi milioni 100, fungu ni milioni 5. Klabu ya hapa Songea iliyomlea tangu miaka 12 mpaka mwisho wa 18 inastahili milioni mbili na nusu. Si utajiri, lakini ni mipira, jezi na nauli ya kwenda Mbinga msimu mzima. Na akiuzwa tena, kama Mbwana Samatta alivyotoka TP Mazembe kwenda Genk mwaka 2016 na kisha Aston Villa mwaka 2020, mgawo hufanyika tena.

Fedha hiyo hailipwi kwa kumbukumbu za wazee. Inalipwa kwa timu iliyosajiliwa, iliyomsajili kijana kwa jina lake halisi na tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Timu nyingi za mitaani huikosa kwa sababu kijana alichezeshwa kwa cheti cha kaka yake. Mzazi anayekubali kupunguza umri wa mtoto ili aingie timu ya vijana ajue anaharibu na hilo.

Turudi kwenye Juni. Kijana ametemwa, mkataba ulikuwa umebakiza mwaka, na anadai mishahara. Njia ya kwanza ni ndani ya mpira: kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji. Njia nyingine ni ile ya kila mfanyakazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kanuni za FIFA zenyewe hazimzuii mchezaji kupeleka mgogoro wa ajira kwenye vyombo vya nchi. Aende na mkataba, barua ya kuachwa kama ipo, na taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha miezi aliyolipwa. Asiwe na aibu ya kuongozana na mkewe. Mara nyingi mke ndiye anayekumbuka tarehe.

Asikawie tu. Mgogoro wa kuachishwa kazi unatakiwa ufike CMA ndani ya siku 30, madai mengine ndani ya siku 60. Wapo wanaotemwa Juni mwanzoni, wakaona aibu kukaa mjini, wakaenda kijijini kusaidia kupukuchua mahindi, wakarudi Agosti magunia yakiwa yameshauzwa. Hapo siku 30 zimeshapita, na kabla hata ya kusikilizwa, kijana inabidi kwanza ajaze fomu ya kuomba aruhusiwe kuchelewa na aeleze kilichomchelewesha.