Swali Moja Kabla ya Kufunga Mhadhara

Daktari akitaka kukuandikia dawa mpya, ni wajibu wake kuuliza imejaribiwa kwa nani na imeleta nafuu gani. Daktari huyo huyo akiingia darasani kufundisha, swali hilo huliacha mlangoni. Hufundisha kama alivyofundishwa: slaidi themanini kwa saa moja, wanafunzi wananakili, mtihani mwisho wa muhula.

Nami nilifundisha hivyo kwa miaka. Aliyenizindua ni mwanafunzi wa mwaka wa nne, kijana aliyefaulu vizuri somo la dawa. Usiku mmoja aliletwa wodini mtoto mwenye degedege lisilokatika. Nikamuuliza: dawa ya kwanza ni ipi, na kipimo chake? Akakunja uso. "Mwalimu, hiyo nimeisoma, hata ukurasa wake nauona." Ukurasa aliuona, dawa haikuja. Muuguzi alikuwa ameshavuta diazepamu kwenye bomba la sindano.

Kijana yule hakuwa mvivu. Alisoma kwa njia inayodanganya: kurudia kusoma. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi matini fupi. Kundi moja lilisoma vipindi vinne mfululizo. Jingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40, wenzao 61. Na hao waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba hawatasahau!

Je, kwa madaktari ni hivyo hivyo? Mwaka 2009 Douglas Larsen na wenzake walichapisha jaribio walilofanya kwa madaktari waliokuwa katika mafunzo ya ubingwa wa watoto na wa tiba ya dharura. Mada moja ilikuwa hiyo hiyo ya degedege lisilokatika, nyingine ugonjwa wa kulegea misuli. Kila daktari alijibu maswali na kusahihishwa katika mada moja, na katika nyingine alipitia muhtasari, mara tatu kwa nafasi ya takriban wiki mbili. Baada ya zaidi ya miezi 6, mada ya maswali iliwapa wastani wa asilimia 39, ya muhtasari 26. Alama 39 bado ni chache, sikatai. Lakini mgonjwa ndiye anayefaidi tofauti hiyo.

Wenzangu huniambia madarasa yamefurika. Lakini njia hii ya kuuliza maswali haihitaji projekta wala maabara mpya. Robo ya karatasi ya kuandikia majibu inatosha. Ila maswali hayo yasiwe na alama, na jibu sahihi litolewe papo hapo, kwani kosa lisilosahihishwa huota mizizi.

Mhadhiri mwenzangu, kesho punguza slaidi kumi. Dakika zilizobaki, waambie wafunge madaftari, uwaulize dawa ya kwanza ni ipi na kipimo chake. Baada ya wiki mbili, waulize tena.