Kuandaa Kielelezo cha Reli Nyumbani

Mwalimu anayeishi katika chumba kimoja Kariakoo hana nafasi ya kutandaza reli nzima. Hata hivyo, aweza kuandaa zana ndogo iliyo sahihi, mradi achague kipimo kimoja na kukifuata hadi mwisho.

Tuchukue kipimo cha 1:50. Meta moja huwa sentimeta 2. Kilomita moja hudai meta 20, urefu unaozidi darasa. Basi tusijaribu Reli ya Kati yote, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Tuchague jukwaa moja na njia mbili. Ubao wa sentimeta 120 kwa 40 watosha, nao huingia chini ya kitanda.

Maboksi ya madukani yatupatia mabehewa. Vijiti vya mishikaki, reli. Njiti za kiberiti, mataruma. Njia ya Reli ya Kati, yenye upana wa milimita 1,000, huwa milimita 20. Ile ya reli ya kisasa, yenye 1,435, hukaribia 29. Mtoto akihamisha behewa kutoka njia moja hadi nyingine, ataona mwenyewe kwa nini haliwezi kupita.

Tulipoanza kazi hii tulimsimamisha jukwaani abiria wa sentimeta 8, yaani jitu la meta 4. Watoto walicheka, na somo likapotea. Abiria huyo alistahili sentimeta 3 na kidogo. Kabla ya kuingia darasani, hatuna budi kupima kila kitu kwa rula.