Komba wa Rondo Ahesabu Wapita Njia

Sogeeni, wapwa zangu. Mnamjua komba wa Rondo? Ni mnyama mdogo sana, uzito wake gramu 60 hivi, na anaishi katika vipande vichache tu vya misitu ya pwani yetu. Mchana analala. Usiku anaamka, macho makubwa, masikio wazi. Leo yeye ndiye atakayetujibu.

"Atujibu nini, mjomba?"

Lile swali lenu: tovuti ipi ina watu wengi kuliko nyingine, na nani amewahesabu? Hongereni! Wakubwa wengi wanasoma orodha hizo, wanaona ya kwanza na ya pili, wala hawaulizi nani kahesabu.

Basi komba alikaa mtini, kando ya barabara iendayo kijijini Mnara. Mwenzake akakaa kwenye njia ya msituni. Wakakubaliana: tuhesabu tochi.

Tochi ikapita. "Mmoja," akasema komba. Tochi nyingine. "Wawili." Kisha wakapita akina mama watatu, hawana tochi, njia wameizoea. Komba akasema ngapi? Hakusema kitu.

"Lakini mjomba, komba anaona gizani!"

Eeh, una akili wewe! Anaona, tena vizuri. Ila walikubaliana kuhesabu tochi, na asiye na tochi hayumo.

Tovuti nazo zilihesabiwa hivyohivyo. Huko Marekani mwaka 1996 ilianzishwa kampuni iitwayo Alexa. Amazon wakainunua mwaka 1999. Kwa miaka mingi ndiyo iliyopanga tovuti za dunia nzima: nambari 1, nambari 2, hadi mamilioni huko chini. Watu wa tovuti walijisifu, "Tumepanda!" Wengine walinuna, "Tumeshuka!" Na Alexa ilijuaje? Zaidi ilitazama watu waliokubali kuweka kiprogramu chake kidogo kwenye kompyuta zao. Hao ndio wenye tochi. Kijana wa kwetu Rondo aliyesoma habari kwa simu ya mkononi alipita gizani. Alisoma, akacheka, akamsimulia bibi yake, na nambari haikusogea.

Mimi nambari ile sikuiamini sana kwa tovuti ndogo za kwetu. Kwa Google au YouTube, sawa. Zile zina watu tele hata ukihesabu kwa kubahatisha. Lakini penye watu wachache, wenye tochi wawili tu wakihama, mambo yote yanageuka. Alexa yenyewe ilifunga hesabu zake tarehe 1 Mei 2022. Sasa wapo wahesabuji wengine, kama Similarweb, nao pia wanakadiria.

Turudi kwa komba. Mzee mmoja akapita na tochi. Akakumbuka kofia, akarudi. Akapita tena. Komba akaongeza, "Watatu!"

"Lakini ni mzee mmoja!"

Ni mzee mmoja, mara tatu. Ndiyo maana tovuti moja inatangaza watu, nyingine inatangaza mara ilizofunguliwa. Ya pili huwa kubwa zaidi, na anayetafuta matangazo ya biashara atakutajia hiyo.

"Sasa hakuna anayehesabu wote, mjomba?"

Mwenye tovuti anaweza kuhesabu kila ukurasa unaofunguliwa kwake, kwa simu au kwa kompyuta. Wengi wanaificha hesabu hiyo. Wikipedia haifichi. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na kila makala yake ina hesabu ya mara ilizofunguliwa, siku kwa siku, wazi kwa yeyote anayetaka kuitazama. Kumbukeni tu ni mara, si watu.

Kwa hiyo mkiruhusiwa kushika simu ya mama, tafuteni makala ya Lindi na ya Kilwa. Linganisheni mwezi uliopita. Kabla ya kutazama, kila mmoja akisie ipi imefunguliwa mara nyingi zaidi, kisha mje mniambie nani kapata.