Spika za Masikioni Njiani

Vijana wengi wa Mgeta siku hizi hutembea na spika ndogo za masikioni. Husikiliza nyimbo kutoka kwenye simu. Nyimbo si kosa, lakini njiani kuna hatari.

Juzi lori la kabichi lilikuwa likishuka kwenda Mlali. Dereva akapiga honi. Kijana aliyekuwa mbele yetu hakugeuka. Tukamwita, wapi! Ikabidi tumvute shati.

Kwa nini hakusikia? Spika zile zina mpira laini. Mpira huo hujaza tundu la sikio, kama kizibo cha chupa. Kwa hiyo hata ukizima nyimbo, sikio bado limezibwa. Wengi hatulijui hili. Na macho hutazama mbele tu. Cha nyuma tunakijua kwa masikio. Tena wapo waendesha pikipiki wanaozima injini mteremkoni ili kubana mafuta. (Ubahili wa hatari huo!) Hao husikika kidogo sana hata kwa sikio lililo wazi.

Basi ukifika barabarani, zitoe zote mbili. Tembea upande wa kulia, uyaone magari yanayokuja mbele yako. Kwenye reli simama kwanza, zitoe, tazama huku na huku.

Yule kijana sasa huzining'iniza shingoni mpaka afike nyumbani.