Maswali ya moyo katika kliniki ya saratani: yametoka wapi, na tuyaamini kwa nini?

Mgonjwa wa saratani anapofika kliniki hupimwa uzito, presha na damu. Siku nyingine huulizwa pia maswali yasiyohusu uvimbe wala dawa. Je, katika wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya kufanya mambo? Unapata usingizi? Umejiona kama mtu aliyeshindwa maishani? Wengi hujibu "niko sawa" ili foleni isonge. Wengine hushuku: maswali haya ameyatunga nani, na majibu yangu yanaenda wapi?

Wakazi wa Gatwekera wana haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu utafiti si jambo geni kwao. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, vijiji vya Gatwekera na Soweto West vilikuwa katika mradi wa KEMRI na shirika la CDC la Marekani wa kufuatilia magonjwa ya kuambukiza. Zaidi ya watu 25,000 walitembelewa nyumbani mara kwa mara, na waliougua walitibiwa katika kliniki ya Tabitha. Takwimu za homa ya matumbo zilizotoka hapa zilichapishwa mwaka 2012 na kusomwa na wataalamu wa chanjo katika nchi nyingi. Makala hii inaeleza jinsi mkazi anavyoweza kuupima utafiti wa aina nyingine, ule unaohusu hali ya moyo na akili ya mgonjwa wa saratani.

Maswali tisa

Fomu inayotumiwa sana inaitwa PHQ-9. Ilichapishwa mwaka 2001 nchini Marekani na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams. Ina maswali tisa, na kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 27. Mtu akifikisha alama 10 au zaidi, mhudumu anapaswa kumchunguza kwa undani ili kujua kama ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka na inayomzuia mtu kuishi maisha yake ya kawaida. Alama hizo peke yake si hukumu. Ni kama kipimajoto: kinaonyesha kuna joto, lakini hakisemi ni malaria au ni mafua.

Fomu iliyotungwa Marekani haiwezi kutumika Nairobi bila kujaribiwa kwanza. Sababu ya kwanza ni lugha. Mgonjwa wa Kibera hasemi "nina sonona". Husema "nawaza sana", "moyo ni mzito", au "kichwa kimejaa". Swali likitafsiriwa neno kwa neno, laweza kumpita. Sababu ya pili ni ugonjwa wenyewe. Fomu inauliza kuhusu uchovu, usingizi na hamu ya chakula, na saratani pamoja na dawa zake huvuruga hayo yote. Je, mtu asiyekula amekata tamaa, au ni kemo tu imemharibia ladha mdomoni?

Ndiyo maana utafiti mmoja wa mwaka 2006 una umuhimu kwetu. Watafiti wa Kenya na Marekani, jina la kwanza kwenye orodha likiwa Omoro, waliitafsiri PHQ-9 kwa Kiswahili na kuijaribu kwa wagonjwa wa Kenya wenye saratani ya kichwa na shingo. Makala yao ilitoka katika jarida la kimataifa la magonjwa ya akili. Kwa hiyo maswali haya yaliwahi kuulizwa kwa Kiswahili, kwa wagonjwa wa saratani wa nchi hii, kabla ya wewe kuulizwa.

Majina yaliyo juu ya makala

Makala ya kisayansi huorodhesha waandishi wake kwa mpangilio. Katika utafiti wa afya, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na la mwisho ni la kiongozi wa mradi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne kwa anayetaka kuitwa mwandishi. Awe amechangia kwa kiasi kikubwa kubuni utafiti, kukusanya data au kuichanganua. Awe ameandika makala au kuirekebisha. Awe ameidhinisha nakala ya mwisho. Na awe tayari kuwajibika makosa yakionekana.

Sharti hilo la nne linamhusu mgonjwa moja kwa moja, kwa sababu jina kwenye makala ni la mtu anayeweza kuulizwa. Hata hivyo orodha hiyo haionyeshi haki kila mara. Mwaka 2019 jarida la BMJ Global Health lilichapisha uchambuzi wa makala 7,100 za ushirikiano kuhusu afya barani Afrika, zilizotoka kati ya 2014 na 2016. Asilimia 52.9 ya waandishi wa kwanza walitoka katika nchi iliyotafitiwa. Pale washirika walipotoka vyuo vikuu vikubwa vya Marekani, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 23.0. Na asilimia 13.5 ya makala hazikuwa na mwandishi hata mmoja kutoka nchi husika.

Si kwamba mgeni hawezi kufanya utafiti mzuri. Ila anayeishi hapa anajua kwamba mgonjwa aliyekosa kliniki huenda alikosa nauli, wala hakukata tamaa. Utafiti kuhusu Nairobi usio na Mkenya kati ya waandishi unastahili kuulizwa maswali zaidi.

Kunukuliwa sana si kuwa sahihi

Mtafiti akitumia kazi ya mwenzake, huitaja. Kutajwa huko hukusanywa na kuhesabiwa. Kazi hiyo ilianza kufanywa kwa utaratibu mkubwa mwaka 1964, Eugene Garfield wa Marekani alipozindua faharasa ya marejeleo ya sayansi. Leo vyuo hupandisha watu vyeo kwa kuangalia hesabu hizo. Makala ya PHQ-9 ya 2001 imerejelewa makumi ya maelfu ya mara.

Lakini makala hutajwa kwa sababu nyingi. Wapo wanaoitaja kwa kukubaliana nayo, wapo wanaoitaja ili kuipinga, na wapo wanaoitaja kwa mazoea bila kuisoma. Mfano mkubwa unawahusu wagonjwa wa saratani wenyewe. Hans Eysenck, mwanasaikolojia wa London aliyefariki mwaka 1997, alikuwa miongoni mwa wanasaikolojia waliorejelewa zaidi duniani. Pamoja na mwenzake Ronald Grossarth-Maticek alidai kwamba watu wenye tabia fulani, kama kuficha hasira na kukata tamaa haraka, hupata saratani na kufa kwayo kwa viwango vya kutisha. Wataalamu wengine walitilia shaka takwimu hizo kwa miaka mingi. Mwaka 2019 uchunguzi wa chuo cha King's College London uliamua kwamba makala 26 kati ya zile walizoandika pamoja si salama kutegemewa, na kuanzia mwaka 2020 majarida kadhaa yaliziondoa rasmi makala za kazi hiyo.

Dai la aina hiyo huwaumiza watu. Linamfanya mgonjwa aamini kwamba amejiletea saratani kwa kuwaza, na linawapa majirani sababu ya kumlaumu. Ukisikia mtu akisema "utafiti umeonyesha kuwa stress ndiyo ilimpa saratani", muulize: utafiti gani, wa nani, na bado unasimama? Huzuni ya mgonjwa inastahili kutibiwa kwa sababu inamtesa. Si kosa lake, na wala si chanzo cha uvimbe wake.

Utafiti unaosimama unasema nini?

Mwaka 2011 jarida la Lancet Oncology lilichapisha uchambuzi wa tafiti 70 katika nchi 14, zenye wagonjwa 10,071 wa saratani waliohojiwa ana kwa ana. Asilimia 16.3 walikuwa na sonona, yaani takriban mmoja kati ya sita. Wagonjwa watano kati ya sita hawakuwa nayo. Hivyo si kweli kwamba kila mwenye saratani lazima avunjike moyo, na pia si kweli kwamba aliyevunjika moyo "ni kawaida tu, ataizoea".

Kwa Kenya idadi hiyo si ndogo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikadiria wagonjwa wapya 44,726 nchini mwaka 2022, na vifo 29,317. Tukichukua kipimo cha mmoja kati ya sita, tunazungumzia maelfu ya watu kila mwaka.

Msaada upo na unafaa. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walieleza matokeo ya wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyosambaa. Waliopewa tiba shufaa mapema, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mahangaiko pamoja na matibabu ya kawaida, walikuwa na dalili chache za sonona: asilimia 16 dhidi ya 38. Waliishi pia muda mrefu zaidi kidogo, miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ni hospitali moja na saratani ya aina moja, hivyo tusiahidi miezi hiyo kwa kila mtu. Lakini inatosha kuonyesha kwamba kumpeleka mgonjwa kwenye tiba shufaa si kumwacha afe.

Swali la tisa

Swali la mwisho la PHQ-9 huuliza kama umewahi kuona ni heri ufe, au kufikiria kujidhuru. Wengi hulikwepa kwa hofu ya polisi, kwa kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kuwa na mawazo hayo ni dalili ya ugonjwa, kama homa. Lijibu kwa ukweli ili usaidiwe.

Haki zako unapoombwa kushiriki utafiti

- Mtafiti lazima awe na kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI. Omba kuviona.
- Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa. Usitie sahihi wala kidole gumba kabla ya kuelewa.
- Unaweza kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yako yaendelee kama kawaida.
- Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda habari zako za afya. Uliza nani ataziona na zitahifadhiwa wapi.
- Uliza matokeo yatarudishwa kwa jamii lini, na kwa lugha gani.
- Tofautisha maswali ya matibabu na maswali ya utafiti. Ukiwa na shaka, muulize mhudumu: "Hii ni ya faili yangu, au ni ya utafiti?"

Pa kuanzia

Ukiwa na moyo mzito, mwambie daktari au nesi wa kliniki yako ya saratani, au mhamasishaji wa afya ya jamii anayefika nyumbani kwako. Wanaotibiwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta wanaweza kuuliza kuhusu Nairobi Hospice, iliyo katika uwanja huo huo na inayotoa tiba shufaa. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu hupigwa bila malipo kwa ushauri nasaha.

Kwa familia: mgonjwa akisema amechoka na maisha, usimwambie "jikaze". Kaa naye, msikilize, kisha msindikize kliniki. Siku akiulizwa yale maswali tisa, mpe nafasi ayajibu mwenyewe, hata kama foleni ni ndefu.